Nimewaona Skauti kwa Karibu, na Sijatulia Tangu Hapo

Wazazi wenzangu, acheni mlifanyalo mnisikilize! Jumamosi iliyopita, saa tatu kasorobo asubuhi, nilimshika mkono binti yangu wa miaka saba tukaingia uwanja wa shule moja ya msingi hapa kisiwani Mombasa. Nilidhani nimekwenda kutia saini fomu na kurudi zangu nyumbani kufua. Nilitoka pale saa nane mchana, nguo zinanuka moshi wa makumbi, vidole vimechubuka kwa kamba, na bado nilikuwa sitaki kuondoka.

Ilikuwa siku ya kuwakaribisha skauti wapya pamoja na wazazi wao. Nimehudhuria mikutano ya wazazi mingi maishani, ya shule, ya madrasa, ya timu ya mpira, na yote nimeijua kwa sura moja: viti vya plastiki, kipaza sauti kinachokoroma, na sisi tumekaa tunahesabu dakika. Hii haikufanana na hata mmoja. Hii iliendeshwa na watoto.

Langoni hapakuwa na mtu mzima. Alikuwapo kijana wa miaka kumi na miwili au mitatu hivi, sare ya kaki imenyooka kwa pasi, skafu shingoni imebanwa na kipete cha ngozi. "Shikamoo mama. Karibuni." Kisha akachuchumaa hadi macho yake yakalingana na ya binti yangu, akampa mkono. Wa kushoto.

Nyuma yetu alikuwapo mzee mmoja, kanzu na kofia ya vito, amemleta mjukuu. Akaruka! "La, mwanangu! Kwetu sisi mkono wa kushoto hautolewi." Nami moyoni nilikuwa naye, kwa sababu nani aliyelelewa pwani hajapigwa kofi la kiganja kwa kupokea kitu kwa kushoto? Yule kijana hakubabaika. Akasimama, akasema husimuliwa kwamba Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alipofika kwa Waashanti, katika nchi inayoitwa Ghana leo, aliambiwa kuwa mashujaa wao hupeana mkono wa kushoto kwa kuwa huo ndio unaoshika ngao. Ukimpa mtu mkono huo, umeiweka ngao chini, umemwamini. "Hiyo ni salamu yetu skauti kwa skauti, babu. Kwako wewe ni wa kulia." Akatoa wa kulia. "Shikamoo babu." Mzee akamtazama kitambo, kisha akaitikia marahaba kwa sauti iliyosikika hadi barabarani.

Hatujapita hata lango! Mtoto wa miaka kumi na mitatu ameitetea desturi ya chama chake bila kuikanyaga desturi ya watu wake, na amefanya hivyo kwa adabu mbele ya mtu wa kumzaa babake. Ningalimsajili binti yangu palepale.

Twende kwenye majina, maana hapo ndipo nilipopagawa. Hapa Kenya skauti hupangwa kwa umri, na kila kundi lina jina lake. Wa miaka 6 hadi 10 ni Sungura. Wa 11 hadi 14 ni Chipukizi. Wa 15 hadi 17 ni Mwamba. Vijana wa 18 hadi 26 ni Jasiri. Hebu yatamkeni kwa mpangilio huo msikie yanavyopanda! Uingereza, walipoanzisha kundi la wadogo mwaka 1916, waliwaita watoto wa mbwamwitu, wakichota kwenye hadithi za msituni za Rudyard Kipling. Ni jina zuri kwao. Lakini mtoto wa Majengo au Kisauni mbwamwitu atamjulia wapi? Sungura anamjua tangu mgongoni. Katika ngano zetu Sungura ndiye mdogo na ndiye anayewashinda wote, Fisi kwa tamaa yake na Simba kwa nguvu zake. Binti yangu alipoambiwa "wewe sasa ni Sungura" alivimba kifua kama aliyetunukiwa ukoo mpya.

Na Mwamba! Mtu wa bara akilisikia neno hilo huona jiwe kubwa. Sisi wa pwani tunaona pia ule ukuta wa matumbawe kule nje baharini, pale wimbi linapovunjikia likawa povu kabla halijafika ufukweni kwa watoto wanaooga. Siku nzima niliwatazama vijana wa kundi la Mwamba, na aliyewachagulia jina hilo alijua alifanyalo. Walikuwa pembeni kila wakati. Mmoja amesimama baina ya wadogo na barabara, mwingine yuko karibu na moto. Hawakupiga kelele, hawakumnyang'anya mtu kazi.

Badala ya kengele, kijana mmoja alipuliza pembe. Mlio wenyewe ulinikumbusha mbiu ya mgambo katika masimulizi ya wazee, na nilipouliza nikaambiwa si jambo la kubuni jana. Baden-Powell alipopiga kambi ile ya kwanza ya majaribio katika kisiwa cha Brownsea, kusini mwa Uingereza, Agosti 1907, aliwaita vijana wake kwa pembe ya tandala aliyoitoa huku Afrika. Sisi tulio na siwa ya Pate, pembe ya ndovu inayotunzwa katika makumbusho ya Lamu, hatuhitaji kufunzwa na mtu maana ya pembe inapolia. Watu hukusanyika. Na uwanja mzima ulikusanyika, watoto kwa patroli zao, wazazi kwa kusitasita.

Patroli ndio uti wa mgongo wa jambo hili lote, kwa hiyo nivumilieni hapa. Ni watoto sita hadi wanane chini ya kiongozi ambaye ni mtoto mwenzao. Kule Brownsea walikuwa vijana 20, wa shule za matajiri wamechanganywa na watoto wa wafanyakazi, wakagawanywa patroli nne, kila moja na kiongozi wake. Kitabu cha Baden-Powell kikatoka mwaka uliofuata, na mwaka 1910 uskauti ulikuwa umeshafika Kenya. Ndiyo, mwanzilishi alikuwa jenerali wa ufalme uliotutawala, na hilo silifichi. Lakini jambo alilolivumbua halikubaki mikononi mwa ufalme huo. Leo skauti duniani wamepita milioni 50, na mwaka 1973 mkutano wao mkuu wa dunia ulifanyika Nairobi.

Katika kikosi hiki patroli za Chipukizi ni nne: Pomboo, Kasa, Tai na Chui. Kiongozi wa Kasa ni msichana, hijabu yake imekaa vizuri chini ya skafu, sauti yake ndogo lakini inapasua. Kiongozi wa kikosi, mwalimu wa kike wa makamo, alisema maneno machache sana ya ufunguzi kisha akasema, "Sasa nawaachia wenyewe," akaketi. Akaketi kweli! Wazazi tukatazamana.

Kilichofuata ni chai. Sitanii, chai ndiyo iliyonimaliza. Tulidhani tutaletewa chupa kutoka jikoni. Patroli ya Chui ikatoka na mafiga matatu, makumbi, vijiti, sufuria na kiberiti chenye njiti mbili tu. Njiti mbili, si zaidi! Jaribio hilo ni la tangu siku za mwanzo za uskauti: washa moto kwa njiti mbili, zikizimika umeshindwa. Na upepo wa kaskazi ulikuwa unavuma asubuhi ile. Njiti ya kwanza ikazimika. Uwanja kimya. Mama mmoja kando yangu alinyanyuka kwenda kuwasaidia, na kijana wa Mwamba akamwomba kwa upole aketi. Wale watoto hawakukimbilia njiti ya pili. Waliinama, wakashauriana, mmoja akafumua makumbi yakawa laini kama pamba, wawili wakasimama upande wa upepo wakiwa ukuta, na yule mdogo kuliko wote ndiye aliyepewa kiberiti. Ikawaka! Nilipiga vigelegele, na si mimi peke yangu.

Chai ilikuwa na tangawizi nyingi mno na ladha ya moshi, na sijanywa chai tamu zaidi mwaka huu. Mahamri na mbaazi walileta kina mama. Kabla hatujagusa, watoto walitufundisha makofi. Makofi ya kilo mnayajua, lakini makofi ya mvua je? Kidole kimoja juu ya kiganja, halafu viwili, vitatu, vinne, hadi kiganja kizima, na watu mia wakifanya kwa pamoja unasikia manyunyu, kisha rasharasha, kisha mvua ya masika inapiga paa la mabati, kisha inarudi nyuma taratibu mpaka tone moja. Mzee wa kanzu alifumba macho akisikiliza.

Saluti waliifundisha kwa haraka, na nilipenda ilivyoelezwa. Vidole vitatu vimesimama kwa sababu ahadi ya skauti ina sehemu tatu: wajibu kwa Mungu na nchi, kuwasaidia watu wengine, kuitii Kanuni ya Skauti. Kidole gumba kinakilalia kile cha mwisho kwa maana mwenye nguvu humkinga mnyonge. Mtoto mpya haapi siku hiyo. Atahudhuria kwanza, atajifunza ahadi na kanuni, na siku atakapokuwa tayari ndipo atakapovishwa skafu mbele ya wenzake. Napenda hilo mno. Skafu ni kipande cha kitambaa tu, lakini binti yangu ameitazama shingoni mwa wenziwe siku nzima akaambiwa "bado kidogo", na sasa anaitaka kuliko kitu chochote kinachouzwa dukani.

Halafu zikaja kamba.

Kila mtoto alikabidhiwa kipande cha mita tatu, na kila mzazi pia! Kiongozi wa patroli ya Kasa akatangaza kwamba kila mzazi atafundishwa na mtoto asiye wake. Mimi niliangukia kwa kijana wa miaka kumi na moja mwenye pengo la jino. Fundo lenyewe ni lile la kitanzi kisichokaza, ambalo ukimfunga nalo mbuzi halimnyongi, na ukilitia kiunoni mwa mtu aliyetumbukia majini litamvuta bila kumbana mbavu. Mafunzo yake ni hadithi. Unatengeneza kijitundu, hilo ni shimo. Kamba ndefu inayosimama ni mti. Ncha ni sungura. Sungura anatoka shimoni, anauzunguka mti kwa nyuma, anarudi shimoni. Vuta. Katika nchi nyingi skauti hufundishana fundo hili kwa sungura huyohuyo, na mimi nina binti aliyepewa jina la Sungura saa mbili zilizopita! Alinitazama kwa macho makubwa. Nikaharibu mara nne. Mwalimu wangu mwenye pengo hakuninyang'anya kamba hata mara moja. "Tena, mama. Shimo likae juu."

Mbele yetu alikuwapo baba mmoja aliyekuwa amekunja mikono tangu asubuhi, mtu wa maneno machache, nahodha wa mashua ya kuvulia kutoka Mtongwe. Msichana wa miaka kumi na miwili akamfundisha habari za sungura na mti hatua kwa hatua, naye akasikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Halafu akaichukua kamba, akaizungusha kiunoni mwake, mkono mmoja tu, akageuza kiganja, na fundo likawa limekaa. Kwa mkono mmoja! Watoto wakaacha kila kitu. Akasema huo mkono wa pili huwa umeshika mlingoti, usiku, bahari ikichafuka, na kwamba amelifunga fundo hilo maisha yake yote lakini leo ndiyo kwanza ajue lina sungura ndani. Yule msichana akamuuliza papo hapo: "Utakuja Jumamosi utufundishe?" Mwalimu aliyeketi pembeni hakusema kitu, aliandika tu kwenye daftari lake. Nahodha atakuja Jumamosi.

Hapo ndipo nilipoelewa siku hii ilipangwa kwa ajili gani. Wazazi hatukuitwa kuangalia. Tulikuwa tunachunguliwa tuna nini mikononi! Ilipofika zamu ya huduma ya kwanza, patroli ya Tai ilionyesha jinsi skafu inavyokunjwa pembetatu ikabeba mkono uliovunjika. Mama mmoja muuguzi akafungua leso aliyojitanda, akaikunja vilevile, akaonyesha kuwa leso ni pana zaidi na inaufikia hata mkono wa mtu mzima mnene. Watoto wakachukua leso nyingine, miti miwili na mashati mawili, wakatengeneza machela na kumbeba juu yake mzee wa kanzu kuuzunguka uwanja. Aliomba mwenyewe. Vijana wa Mwamba walikuwa kila kona ya machela ile, mikono tayari chini yake, hawaigusi.

Sasa niwahi maswali, maana najua mnayo. Usalama: hakuna mtoto anayeachwa faraghani na mtu mzima mmoja, siku zote wawepo wawili au zaidi, na chama cha dunia kina mpango maalumu wa kuwakinga watoto na madhara ambao viongozi hufundishwa. Niliuliza mara mbili na nikajibiwa mara mbili bila kununa. Dini: ahadi inamtaja Mungu, na kila mtoto humwelekea kwa dini yake. Kwenye ratiba ya kambi nyakati za sala zimeandikwa, na mwezi wa Ramadhani hakuna kambi. Wasichana wanapokelewa kama wavulana. Chama cha wasichana pekee, kile alichokisimamia Agnes, dada wa Baden-Powell, tangu 1910, nacho kipo nchini, lakini ni chama kingine. Masomo: kikao ni Jumamosi asubuhi, na mtoto aliyewasha moto kwa njiti mbili sidhani atashindwa na zoezi la hesabu.

Yapo yaliyonikera, nayo nayasema kwa kuwa nataka jambo hili litengenezeke. Fomu ya afya, karatasi muhimu kuliko zote, ile ya pumu na mzio na namba ya simu ya dharura, ilikuwa kwa Kiingereza peke yake na maandishi madogo. Nilimwona bibi mmoja akiijaza kwa kubahatisha. Fomu hiyo iandikwe kwa Kiswahili kabla ya Jumamosi, na nimejitolea kuitafsiri. Na mgeni wa heshima alihutubia dakika arubaini juani. Watoto walivumilia. Wasingepaswa.

Lakini nilitaka kuwaambia kuhusu mawe. Mchezo wa mwisho ulikuwa wa alama za njia. Pomboo walitangulia dakika kumi, wakaacha alama nyuma ya madarasa, kwenye mizizi ya mwembe, kando ya tangi la maji: mshale wa vijiti, pita huku, msalaba, usipite, na wazazi na wadogo tukawafuata tukikimbia. Tukikimbia kweli, nahodha na mimi na muuguzi na leso zetu! Mwisho wa njia, chini ya ukuta, kulikuwa na duara la vijiwe na kijiwe kimoja katikati. Binti yangu akauliza maana yake. Kiongozi wa Kasa akamwambia: "Nimekwenda nyumbani."

Kisha akatueleza kwamba alama hiyohiyo imechongwa juu ya kaburi moja huko Nyeri. Baden-Powell alikuja kuishi Nyeri mwaka 1938 katika nyumba ndogo iliyojengwa kwenye bustani ya hoteli ya Outspan. Aliiita Paxtu, kwa kuwa nyumba yake ya Uingereza iliitwa Pax Hill. Akafariki humo tarehe 8 Januari 1941, akazikwa makaburini mjini humo huku Mlima Kenya ukionekana siku za anga safi. Mkewe Olave alipofariki mwaka 1977, majivu yake yaliletwa yakawekwa pamoja naye. Duniani kote kuna skauti wanaoota kufika pale, na sisi tunafika kwa treni hadi Nairobi halafu basi! Kila mwaka karibu na tarehe 22 Februari, siku waliyozaliwa wote wawili, skauti hukusanyika Nyeri, na mwezi ujao Chipukizi na Mwamba wa kikosi hiki watakuwa njiani. Wanakusanya nauli kwa kuosha magari kila Jumapili. Binti yangu bado ni Sungura, atangoja. Mimi nimeshajiandikisha kuwapikia safarini.

Kikao kijacho ni Jumamosi hii, saa mbili unusu. Mleteni mtoto, chupa ya maji, na kamba ya mita tatu. Yangu nimeinunua Jumatatu kwenye duka la vifaa vya uvuvi, na mwenye duka alipouliza nina mashua gani nilimsimulia yote haya hadi wateja wakapanga foleni nyuma yangu. Jana usiku nilimkuta binti yangu sakafuni, taa bado inawaka, anaufunga mguu wa kitanda. Sungura alikuwa ametoka shimoni, ameuzunguka mti, na njia ya kurudi ilikuwa haijaonekana. Nilinyoosha mkono kumwonyesha, nikaurudisha. Nikaketi karibu naye, tukaanza upya.